Acheni Kuwazika Popo Darini

Nianze na wewe mwenye nyumba uliyemwita fundi aje na ndoo ya saruji. Ulichoka na vinyesi vyeusi vinavyodondoka barazani, ulichoka na harufu, na mgeni mmoja aliinua shingo kutazama juu ukaona haya. Ukaamua yaishe. Fundi akapanda ngazi saa saba mchana, jua la utosi, akaziba kila mwanya kati ya ukuta na mabati, akashuka, akakung'uta mikono, akapokea ujira wake. Usiku huo ulilala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Hukumaliza kitu. Saa saba mchana popo wote wako ndani, wamelala. Umewazika wazima, wakubwa kwa wadogo, nao watakufa kwa kiu na joto taratibu, juu ya kichwa chako. Ikifika wiki ya pili utaikumbuka ile harufu ya kwanza kwa mapenzi, maana hii mpya ni ya mizoga. Funza watadondoka kitandani kwa mtoto. Doa la kahawia litajichora kwenye dari uliyoipaka rangi kwa sikukuu. Na wale wachache wenye nguvu watahangaika mpaka wapate upenyo mwingine, ambao mara nyingi ni ule wa kuingilia sebuleni. Kwa hela yako mwenyewe umenunua kaburi na kulitundika ndani ya nyumba.

Hiyo ndiyo njia ya wastaarabu. Wako wanaochoma matairi chini ya paa. Wako wanaowasha pilipili. Wako wanaochukua sumu ya kunyunyizia nyanya na kuipuliza darini, ndani ya nyumba yenye watoto wachanga, halafu wanarudi kulala humo humo. Ukiwauliza wanakujibu kwamba popo ni mchafu na analeta magonjwa. Sumu ya nyanya kwenye mapafu ya mtoto, kumbe, ndiyo usafi!

Ninalotaka kusema leo ni moja, na sitalisema kwa upole. Popo wa ukanda huu wanamalizwa na watu wenye nyumba, wenye miembe na wenye mapango kwenye viwanja vyao. Ni watu hao hao wenye uwezo wa kuwaokoa, bila kusubiri wizara wala mfadhili. Anayesema haiwezekani nitampeleka Pemba muda si mrefu. Kwanza tusikilize mashtaka, maana mshtakiwa huyu kila siku anahukumiwa bila kesi.

Shtaka zito ni la ugonjwa, nami silidharau. Virusi vya Marburg vina makazi yao katika popo wa matunda wa Misri, yule anayekaa mapangoni na kwenye machimbo kwa makumi ya maelfu. Mwaka 1980, na tena 1987, watu waliougua Marburg nchini Kenya walikuwa wametembelea pango la Kitum katika Mlima Elgon. Kagera ilipata mlipuko mwaka 2023, na mwaka 2024 Rwanda ikapoteza watu 15, wengi wao wahudumu wa afya, na chanzo kikafuatiliwa hadi kwenye pango la uchimbaji madini. Popo wadogo nao hubeba virusi vya ukoo wa kichaa cha mbwa. Mwaka 2007 mtalii mmoja kutoka Uholanzi alikwaruzwa na popo kule Tsavo Magharibi, akaona ni mkwaruzo tu, akarudi kwao na kufariki. Kwa hiyo simwambii mtu yeyote amkumbatie popo. Popo hashikwi kwa mkono mtupu. Akikung'ata au kukukwaruza, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa robo saa nzima, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachomwe chanjo ya kichaa cha mbwa. Hapo hatubishani.

Tunabishana juu ya dawa mnayoipendekeza, ile ya kuwaua. Dawa hiyo ilishajaribiwa, na majibu yake yameandikwa.

Magharibi mwa Uganda kuna mgodi unaoitwa Kitaka. Mwaka 2007 wachimbaji wanne waliambukizwa Marburg humo, mmoja akafariki. Mgodi ulikuwa na popo zaidi ya 100,000. Wachimbaji, kwa hofu inayoeleweka, wakaamua kuwamaliza. Walitumia moto, wakatumia nyavu za kuvulia samaki, wakaziba midomo ya mgodi kwa matawi na plastiki. Mwaka 2008 wataalamu waliporudi hawakumkuta popo hata mmoja. Ushindi mkubwa! Miaka minne baadaye, mwaka 2012, mji wa Ibanda, ulio umbali wa kilomita 20 hivi kutoka mgodi huo, ukapigwa na mlipuko wa Marburg ambao Uganda ilikuwa haijawahi kuuona ukubwa wake. Wataalamu wakarudi tena Kitaka. Walikuta popo wamerejea, sehemu ndogo tu ya idadi ya zamani, ila sasa kiwango cha maambukizi kati yao kilikuwa asilimia 13, ilhali kabla ya mauaji kilikuwa kama asilimia 5.

Soma tena tarakimu hizo kabla hujamwita mtu wa moshi. Kundi lililokuwa na kinga yake, wakubwa kwa wadogo, lilifyekwa. Nafasi ikabaki wazi. Yaelekea wakaja wageni wasio na kinga, na virusi vikapata miili mipya ya kukimbilia. Wachimbaji walitaka kuondoa hatari wakaishia kuizidisha. Na huyo wa Kitaka ni popo wa giza la pangoni. Yule wa chini ya bati lako ni mwingine kabisa: kipopo kidogo chenye mkia uliochomoza, kinachostahimili joto la mabati la nyuzi 40 na zaidi, kazi yake kula wadudu usiku kucha. Kukiua kwa sababu ya Marburg ni kumpiga mtoto wa jirani kwa kosa la mtu wa wilaya nyingine.

Shtaka la pili ni wizi wa embe. Hapa mshtaki ana haki kidogo, kwa sababu popo mkubwa kweli anakula embe, na anayekesha akisikia makelele mwembeni ana sababu ya kununa. Lakini tazama walichofanya Mauritius. Kisiwa kile kina popo wake mkubwa wa matunda, na wakulima wa lichi na embe walimlalamikia mpaka serikali ikasikia. Mwaka 2015 ikaua popo zaidi ya 30,000. Ikarudia 2016, ikarudia tena 2018. Hili lilifanywa na dola lenyewe, kwa bunduki na bajeti, tena juu ya mnyama aliyekuwa tayari katika orodha ya walio mashakani. Mavuno hayakupanda. Kilichopanda ni kiwango cha hatari: mwaka 2018 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira ulimhamisha popo huyo kutoka kundi la walio mashakani hadi kundi la walio hatarini kutoweka. Lichi bado zinaliwa, kwa sababu popo waliobaki bado wana njaa, na misitu yao ya asili imekwisha kufyekwa.

Mkulima anayejua kazi yake anafahamu jambo ambalo mwenye bunduki halijui. Popo anataka tunda lililoiva, laini, lenye harufu. Embe lililokomaa likiwa bado gumu halimvutii sana, na ndilo hilo hilo mchuuzi anayeelekea sokoni analolitaka. Ukilichuma likiwa limekomaa ukalivundika ndani, umeshinda bila risasi. Papai ukiliona limeanza kuweka mstari wa njano, lichume. Na kama una mwembe mmoja tu wa thamani, funika matawi ya chini kwa wavu wenye matundu madogo, uvutwe ukaze; wavu uliolegea unamnasa popo akafia humo, na kumtoa ni kazi ya hatari kwako. Maembe ya kileleni, ambayo hata hivyo hukuwa na ngazi ya kuyafikia, mwachie.

Shtaka la uchawi sitalipotezea wino. Anayeamini popo ametumwa na mkwe wake hahitaji makala ya gazeti.

Sasa twende Pemba kama nilivyoahidi, tukae huko kidogo.

Pemba ina popo ambaye Mungu hakumweka mahali pengine popote duniani. Hayupo Tanga, hayupo Mombasa, hata Unguja hayupo. Ni popo mkubwa wa matunda mwenye manyoya ya hudhurungi nyekundu, na akitandaza mabawa yanafika kama mita moja na nusu kutoka ncha hadi ncha. Kwa mwaka huzaa mtoto mmoja. Tangu karne ya 19 misitu ya kisiwa ilikuwa ikikatwa kupisha mikarafuu, ikabaki vipande vipande, kikubwa kikiwa Ngezi kule kaskazini. Popo wakajibana kwenye miti mikubwa iliyosalia: miti ya makaburini, ya misitu ya mizimu, ya pembeni mwa mashamba ya watu. Huko nako wakafuatwa, maana Pemba popo alikuwa kitoweo, na zilipokuja bunduki za marisau, mlio mmoja ulikuwa unaangusha popo wengi kutoka kwenye tawi moja. Mwaka 1989 waliokwenda kuwatafuta walirudi na habari za kuona wachache mno. Mwaka 1996 akaandikwa katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Chini ya daraja hilo hakuna jingine ila kaburi.

Kilichofuata ndicho ninachotaka mkitafakari nyinyi mnaosema Waafrika hawawezi kuhifadhi mpaka walipwe. Idara ya Misitu ya Zanzibar na shirika la Fauna & Flora International walikuja, sawa, wakaleta elimu shuleni na msukumo wa kwanza. Lakini miti waliyolalia popo haikuwa ya shirika lolote. Ilikuwa ya vijiji na ya watu. Wanavijiji wakaunda vilabu vya kulinda popo, wakakubaliana nani awinde na nani asiwinde, wakaanza kumkemea mwenye bunduki aliyekuja kutoka kijiji kingine. Pale Kidike, si mbali na Chake Chake, wenyeji wakalilinda eneo la malalo mpaka likawa mahali pa mgeni kwenda kuona popo mchana wakining'inia, akalipa kiingilio, na hela ikabaki kijijini. Haikufika miaka 20. Mwaka 2008 popo wa Pemba alikuwa amefika takriban 20,000, akashushwa kutoka daraja la hatari kubwa kabisa hadi daraja la walio mashakani, madaraja mawili kwa mkupuo.

Na kumbuka hawa ni Wapemba wale wale wa Popobawa. Mwaka 1995, vilabu vya popo vikiwa ndiyo kwanza vinachipua, hofu ya jini Popobawa ililipuka Pemba, ikaruka hadi Unguja, watu wakahama vyumba vyao wakalala nje kwa makundi karibu na moto. Mjini Unguja mtu mmoja mgonjwa wa akili akauawa na umati uliomdhania ndiye. Kisiwa kilichokuwa kinatetemeka kwa jini mwenye bawa la popo ndicho kisiwa kilichomrudisha popo kutoka ukingoni mwa kaburi. Kama Mpemba wa 1995, mwenye hofu hiyo na mfuko mtupu, aliweza kuuacha mti wake usimame, wewe wa Mbezi au Nyali mwenye geti la umeme una kisingizio gani?

Kisingizio nakijua: popo wananisaidia nini? Swali la kibepari, nitalijibu kibepari.

Mbuyu hufungua maua yake machweo. Ni maua makubwa, meupe, yananing'inia kichwa chini, yananuka kwa namna ambayo nyuki hana haja nayo, na kesho yake yameanguka. Huku kwetu Afrika Mashariki mchavushaji wake mkuu ni popo wala matunda. Kila pakiti ya ubuyu mwekundu mnayonunuliana kwenye daladala, kila glasi ya juisi ya ubuyu ya mwezi wa Ramadhani, imeanzia kwenye uso wa popo uliojaa chavua. Msufi uliojaza mito ya bibi zetu ni hivyo hivyo. Mvule, mti wa milango ya Zanzibar na wa majahazi, mbegu zake husambazwa na popo wa rangi ya majani makavu, yule anayekusanyika Kasanka nchini Zambia kila mwisho wa mwaka, mamilioni kwa mamilioni. Huko Ghana wataalamu walimfuatilia popo wa aina hiyo wakakadiria kwamba anaweza kubeba mbegu hadi kilomita 75 kabla ya kuidondosha. Nionyeshe ndege mwingine anayepanda mvule Bagamoyo kwa mbegu aliyoichuma karibu na Dar es Salaam, usiku mmoja, bila posho wala semina ya kupanda miti. (Najua popo si ndege. Tusianze.)

Hao ni wala matunda. Wala wadudu, yaani wapangaji wa dari yako, mchango wao tumeuona vizuri zaidi pale walipokufa. Mwaka 2006 ugonjwa wa ukungu wa pua nyeupe uliingia Marekani, ukaua mamilioni ya popo wanaolala mapangoni wakati wa baridi. Mwaka 2024 mchumi Eyal Frank wa Chuo Kikuu cha Chicago akachapisha hesabu zake. Katika maeneo ambako popo walikufa, wakulima walijikuta wanaongeza matumizi ya viuatilifu kwa asilimia 31 hivi, kwa kuwa aliyekuwa akiwalia wadudu hayupo tena. Sumu hiyo ikaenda kwenye maji na hewa, na vifo vya watoto wachanga katika maeneo hayo vikaongezeka kwa karibu asilimia 8. Alikadiria zaidi ya watoto 1,300. Katika nchi yenye hospitali zile, watoto zaidi ya elfu moja walikufa kwa sababu popo walikufa kwanza.

Sisi tunapambana na viwavijeshi vamizi kwenye mahindi tangu mwaka 2017. Mama wa kiwavi huyo ni nondo anayeruka usiku. Nani mwingine yuko angani usiku akila nondo? Hatuna jeshi jingine saa hizo. Halafu mwenye shamba la mahindi Morogoro anachoma tairi darini, asubuhi anakwenda duka la pembejeo kununua sumu kwa mkopo. Sitakudanganya kwamba popo watakumalizia mbu. Endelea kulala kwenye chandarua. Lakini kila mdudu anayeliwa juu ya paa lako ni mdudu mmoja pungufu, na popo mdogo anaweza kula kwa usiku mmoja wadudu wenye uzito wa nusu ya mwili wake.

Basi tufanyeje na dari? Sikulazimishi kuishi nao. Harufu ni harufu, na kinyesi kilichorundikana kinaweza kuwa na kuvu inayoingia kwenye mapafu. Una haki ya kuwatoa. Huna haki ya kuwaua, na ukiwatoa kwa akili hutahitaji kuwaua.

Subiri kiangazi. Wengi wao hulea wakati wa mvua, wadudu wanapokuwa tele, na kitoto kisichojua kuruka hubaki darini mama akienda kuwinda. Ukiziba wakati huo umefanya lile lile la fundi wa saa saba mchana. Kwa hiyo panda kwanza na tochi uchungulie. Ukiona vitoto visivyo na manyoya, shuka, ngoja mwezi mmoja na nusu, panda tena. Siku ikifika, kaa nje na kahawa yako jua linapozama utazame wanatokea wapi. Utashangaa, maana hutokea kwenye upenyo mmoja au miwili tu, wakati mwingine mwembamba kama dole gumba. Nyufa nyingine zote wasizozitumia ziba. Kwenye ule upenyo wao usizibe. Tundika juu yake kipande cha chandarua kisichotiwa dawa, ukibane juu na pembeni, chini ukiache huru kining'inie nusu mita au zaidi. Popo akitoka atateleza chini ya kitambaa na kuruka. Akirudi alfajiri atatua pale pale kwenye upenyo, atakuta kitambaa, hataingia. Iache hivyo juma zima. Ukikaa jioni mbili mfululizo usimwone anayetoka, hapo ndipo umwite fundi na saruji yake. Unapofagia kinyesi, vaa barakoa na glavu, kilowanishe kwanza kisitimke vumbi, kisha kifukie kwenye shimo la mboji. Ni mbolea nzuri. Kuna watu duniani wanaichimba mapangoni.

Kazi yote hiyo inagharimu kipande cha chandarua na uvumilivu wa wiki moja. Kampuni zinazotoza mamilioni kupuliza sumu hazitakuambia hivyo, kwa sababu chandarua hakina faida kwao, na popo waliokufa huacha nafasi ya popo wengine, ambao ni bili nyingine mwakani. Mtu yeyote anayeweka tangazo ukutani kwamba anaua popo, msimpe kazi.

Kabla hujawafunga nje, wape pa kwenda. Fundi seremala yeyote anaweza kutengeneza sanduku jembamba la mbao zisizorandwa, lisilo na sakafu, lenye nafasi ya ndani ya sentimita mbili hivi ambayo popo atajibana. Litundike mita nne au zaidi kwenda juu, ukutani au kwenye nguzo, mahali pasipo matawi mbele, lipigwe na jua la asubuhi na kivuli cha mchana, kwa sababu jua letu la alasiri litawaoka. Pengine litakaa tupu mwaka mzima. Mimi nasema litundike hata hivyo.

Lakini sanduku si kitu mbele ya mti. Nashuhudia mtindo mpya wa viwanja vya mjini: mtu ananunua kiwanja chenye mkungu, mzambarau na mkuyu wa miaka 60, anaiangusha yote, anamwaga zege, kisha anapanda michikichi midogo ya mapambo kwenye ndoo. Halafu taa: taa za ulinzi sita zinazowaka kutoka magharibi hadi alfajiri, zikimulika ukuta ambao hakuna mwizi aliyewahi kuutamani. Popo wengi hukwepa mwanga. Wakihama, nondo wanabaki. Weka taa inayowaka mtu akipita. Paka wako umfungie ndani magharibi. Na waya wa miiba juu ya ukuta, ule wa kujizungusha, unachana mabawa ya popo; ukiwa huna budi kuuweka, usiupitishe mbele ya mti unaozaa.

Wenye mapango nao wanisikilize. Kuanzia Amboni hadi Shimoni na Fikirini, na mpaka Watamu, pwani yetu ina mapango ya mawe ya chokaa na matumbawe ambamo popo wadogo hulala mchana. Mengi yako ndani ya ardhi ya familia, chini ya shamba la mtu, na mwenye shamba akija mchimba mawe au mnunuzi wa kiwanja anauza bila kuuliza kilicho chini. Pango likishalipuliwa halijengwi tena. Hakuna sanduku la seremala litakalotosha popo wa pango zima. Mwenye pango, usiuze mdomo wake. Usiwashe moto ndani, usiruhusu wageni waingie na tochi na muziki popo wakiwa na vitoto, na wewe mwenyewe usiingie bila sababu, kwa ajili ya mapafu yako.

Halmashauri nazo, ambazo hukata miti ya barabarani kwa sababu popo wanachafua magari ya wakubwa, zijue kwamba gari linaoshwa kwa maji, na mti wa miaka 60 haurudi kwa bajeti ya mwaka mmoja.

Msimu wa embe uko karibu. Mwenye mwembe, vuna mapema, funika unachotaka kula, cha juu waachie wenye mabawa. Mwenye bunduki, iache ndani.